Siku Arobaini: Kwaresima Ilikuwa ya Nani Hapo Kwanza



Katika Kwaresima moja kijana wa shule alinijia jioni na kalenda mkononi, uso wake umekunjamana kama mtu aliyepunjwa chenji dukani. Akanipa shikamoo, kisha akasema, "Mwalimu, sisi hufundishwa ya kuwa Kwaresima ni siku arobaini. Mimi nimehesabu tangu Jumatano ya Majivu hata Jumamosi Kuu, nami nimepata arobaini na sita. Siku hizi sita zimetoka wapi?" Nikamwambia kwamba Jumapili sita zilizomo katikati hazihesabiwi, kwa kuwa Jumapili ni siku ya ufufuo, wala si siku ya kufunga. Akahesabu tena kwa vidole, akaridhika, akaenda zake.

Lakini mimi mwenyewe sikuridhika na jibu langu. Lilikuwa jibu la hesabu tu, nalo lilipita kando ya swali lililo kubwa zaidi. Siku arobaini hizi zilianza kwa ajili ya nani? Mtu aliyebatizwa akiwa mtoto mchanga, naye sasa ana mvi, anafunga ili afike wapi? Hilo ndilo neno nitakalo kuwaelezeni jioni hii, nami nitalitafuta katika habari za kale, maana limo humo.

Watu wengi hudhani ya kuwa majira ya Kanisa yalishuka yote siku moja, kana kwamba mitume walikaa chini wakaandika kalenda na kuitundika ukutani. Sivyo. Siku iliyotangulia ni Jumapili. Baada yake ikaja Pasaka ya kila mwaka. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana katika tarehe 25 Desemba twaiona imeandikwa katika orodha ya sikukuu za Roma ya mwaka 336, na Majilio ni mdogo kuliko ndugu zake hao, maana katika nchi ambayo leo ni Ufaransa alianza kupata sura yake katika karne ya tano na ya sita. Kwaresima yenyewe ilikua polepole, kama mti ukuavyo, na mizizi yake ni ubatizo.

Kuna kitabu kidogo cha kale sana kiitwacho Mafundisho ya Mitume. Kilipotea kwa muda wa karne nyingi, hata mwaka 1873 askofu mmoja Mgiriki akakiona katika maktaba ya Konstantinopoli. Kitabu hicho chaamuru ya kwamba mtu atakayebatizwa afunge siku moja au mbili kabla ya kubatizwa. Tena chaagiza kwamba yule atakayembatiza naye afunge, na watu wengine wawezao wafunge pamoja naye. Liangalieni vema agizo hilo. Mfungo hapo ni wa mgeni aliye mlangoni, na wenyeji wanafunga ili asifunge peke yake.

Yapata mwaka 200 mwalimu Tertuliano wa Kartago, katika Afrika ya Kaskazini, aliandika ya kuwa siku ipasayo zaidi kwa ubatizo ni Pasaka. Basi mfungo wa ubatizo na mfungo wa Pasaka vikakaribiana hata vikawa kitu kimoja. Lakini urefu wake haukuwa sawa kila mahali. Askofu Ireneo wa Lyon alieleza katika barua yake, karibu na mwaka 190, kwamba wengine hufunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na wengine saa arobaini za mchana na usiku. Wakati huo palikuwa na ugomvi mkali juu ya tarehe ya Pasaka, na Askofu Viktori wa Roma alitaka kuyatenga makanisa ya Asia. Ireneo akamkumbusha habari za mzee Polikarpo wa Smirna, aliyefika Roma zamani kidogo, akashindana na Askofu Aniseto juu ya tarehe iyo hiyo. Wala hakuna aliyemshinda mwenzake. Lakini walishiriki Meza ya Bwana pamoja wakaagana kwa amani. Napenda sana habari hiyo, nami nimeisimulia hapa ingawa imenitoa kidogo katika njia yangu.

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliamua kwamba Pasaka iadhimishwe na wote siku moja, ya Jumapili. Katika kanuni moja ya mtaguso huo zatajwa siku arobaini, zikitajwa tu kama jambo lijulikanalo. Katika Misri, Askofu Atanasi wa Iskanderia alikuwa na desturi ya kuwapelekea Wakristo barua kila mwaka ya kuwatangazia Pasaka. Barua yake ya mwaka 329 yasema juu ya mfungo wa juma moja. Ile ya mwaka 330 yataja siku arobaini. Na alipokuwa uhamishoni Roma, mnamo mwaka 340, aliandika kwa rafiki yake Serapioni akihimiza sana Wamisri washike siku hizo arobaini, wasije wakachekwa wao peke yao ilhali dunia nzima inafunga. Ndivyo mambo yalivyo katika watu: hata jambo takatifu huweza kusaidiwa na haya kidogo.

Sasa nawaombeni tusafiri pamoja hata Yerusalemu. Kati ya mwaka 381 na 384 alihiji huko mwanamke mmoja Mkristo, Egeria jina lake, aliyetoka pande za mbali za magharibi ya Ulaya. Aliwaandikia dada zake waliobaki nyumbani kila alichokiona, kwa Kilatini chepesi cha watu. Barua yake nayo ilipotea, hata mwaka 1884 mtaalamu Gamurrini akaona sehemu yake katika maktaba ya mji wa Arezzo, nchi ya Italia, mwanzo na mwisho wake umekatika. Yaliyobaki yatosha. Bibi huyu hakuwa na haraka. Alitazama mambo kama mama atazamavyo sufuria jikoni, hakuna kilichompita.

Yerusalemu wakati huo Kwaresima ilikuwa ya majuma manane, maana Jumapili na Jumamosi pia hazikuwa siku za kufunga, isipokuwa Jumamosi moja iliyo mkesha wa Pasaka. Waliofunga hawakula mkate, wala mafuta, wala matunda ya miti. Walikunywa maji na uji mwembamba wa unga. Wengine walikula mara moja tu katika juma zima, wengine mara moja kwa siku, kila mtu kwa kadiri ya nguvu zake. Naye Egeria asema kwamba aliyezidisha hakusifiwa, na aliyepunguza hakulaumiwa. Ninyi mnaopenda kuchungulia sahani ya jirani wakati wa Kwaresima, lisikieni hilo.

Lakini kazi kubwa ya majuma yale ilikuwa wanafunzi wa ubatizo. Kabla ya mfungo kuanza, kasisi aliandika majina yao. Kisha kiti cha askofu kiliwekwa katikati ya kanisa kubwa alilolijenga mfalme Konstantino, makasisi wakaketi huku na huku, na wanafunzi wakaletwa mmoja mmoja, mwanamume na msimamizi wake, mwanamke na msimamizi wake. Askofu hakumwuliza mwanafunzi kama amekariri sala. Aliwauliza majirani zake! Je, mtu huyu mwenendo wake ni mwema? Awaheshimu wazazi wake? Si mlevi? Si mwongo? Akionekana hana lawama katika hayo, askofu aliandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Akionekana ana lawama, aliambiwa atoke, akajirekebishe kwanza, kisha arudi. Na mgeni asiyekuwa na mtu wa kumshuhudia hakupata ubatizo kwa urahisi. Kwa hiyo kila jina lililoandikwa lilikuwa na watu nyuma yake.

Tangu hapo kila siku ya mfungo, asubuhi, askofu aliwafundisha. Aliwafundisha tangu saa ya kwanza hata saa ya tatu, na hapa hatuna haja ya mfasiri, maana Warumi walihesabu saa tangu jua lichomozapo kama sisi: saa yao ya kwanza ni saa moja yetu. Alianza na kitabu cha Mwanzo akapita katika Maandiko yote, akieleza kwanza maana ya maneno, kisha maana ya ndani. Baada ya majuma matano aliwapa Kanuni ya Imani, akaieleza neno kwa neno, nao baadaye waliirudisha mbele yake kwa kuisema kwa kichwa, kila mmoja pamoja na msimamizi wake.

Egeria aongeza jambo moja dogo, nalo kwangu mimi ndilo lenye uzito kupita yote. Asema kwamba Wakristo waliokwisha batizwa waliruhusiwa kuingia na kuketi na kusikiliza. Basi fikirini: mzee aliyebatizwa miaka thelathini nyuma anaketi tena darasani, karibu na kijana asiyejua bado habari za Ibrahimu, naye anayasikia upya mambo aliyodhani ameyamaliza. Huyo hafungi ili ahesabiwe siku zake. Anafuatana na mwanafunzi, na katika kufuatana naye anarudishwa mwanzo wa safari yake mwenyewe.

Mafundisho yalitolewa kwa Kigiriki, kwa kuwa ndiyo lugha iliyotumika kanisani. Lakini wengi wa wenyeji walijua Kisiria tu. Askofu alikijua Kisiria, ila hakukitumia kanisani. Kasisi alisimama karibu naye akafasiri kila neno. Na waliokuja kutoka magharibi, wasiojua hiki wala kile, walielezwa kwa Kilatini na ndugu waliojua lugha zote mbili. Wengi wenu mmeona mwalimu wa dini akisimama kando ya padre mgeni na kufasiri mahubiri katika lugha ya kwenu. Jueni basi ya kuwa kazi hiyo ni ya kale sana.

Jumapili ya Matawi watu wote walipanda Mlima wa Mizeituni tangu saa saba mchana. Ilipotimia saa kumi na moja ilisomwa Injili ya watoto waliomlaki Bwana kwa matawi, ndipo wakashuka kuelekea mjini. Watoto walichukua matawi ya mitende na ya mizeituni, hata wale wadogo wasioweza kutembea, waliobebwa na wazazi wao. Mwendo ulikuwa wa polepole kwa makusudi, ili wazee wasichoke. Usiku wa Alhamisi walikesha mlimani, wakafika Gethsemane wamechoka kwa kukesha na kwa njaa, nao walimulikiwa kwa mishumaa zaidi ya mia mbili. Siku ya Ijumaa walipita mmoja mmoja kuubusu mti wa Msalaba. Askofu aliushika kwa mikono yake huku na huku, na mashemasi walisimama kuulinda, kwa sababu, kama walivyosimulia watu, siku moja mtu mmoja alijifanya anabusu, kumbe anang'ata, akaondoka na kipande kinywani! Kisha toka saa sita hata saa tisa yalisomwa mateso ya Bwana uwanjani, nao watu walilia, wakubwa kwa wadogo.

Usiku wa Pasaka wale wanafunzi walibatizwa. Lakini mafundisho hayakwisha. Katika juma lililofuata askofu aliwaeleza siri za mambo yaliyotendwa juu yao, nao walipokea maneno yake kwa shangwe na vigelegele hata sauti zilisikika nje ya kanisa. Vigelegele ni neno langu mimi. Egeria asema tu kwamba walishangilia kwa sauti kuu.

Wakati Egeria alipomaliza safari yake, Mwafrika mmoja alikuwa akizunguka mbali na mlango huo. Agostino wa Tagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa ametiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi akiwa mtoto, yaani aliandikwa kuwa mwanafunzi, lakini ubatizo wake uliahirishwa mwaka baada ya mwaka, hata akafikia utu uzima na kufuata mafundisho mengine. Mama yake Monika alimlilia muda wote huo. Mwishoni aliandikisha jina lake kwa Askofu Ambrosi wa Milan, akafundishwa Kwaresima nzima pamoja na rafiki yake Alipio na mwanawe Adeodato. Walibatizwa usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 25 Aprili mwaka 387. Mtu aliyekuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa mfalme alikaa kitako akafundishwa kama mtoto. Mwaka uo huo Monika akafariki dunia.

Baadaye mambo yakabadilika. Nchi nzima nzima zilipokuwa za Kikristo, watoto walibatizwa wakiwa wachanga, na watu wazima wa kufundishwa wakapungua hata karibu kutoweka. Mfungo ukabaki, lakini wale uliokuwa wao hawakuwapo tena. Ndipo ukageuzwa kuwa wa toba, kila mtu na dhambi zake. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alieleza kwamba majuma sita ukitoa Jumapili ni siku 36, nazo ni kama fungu la kumi la mwaka mzima alipwalo Mungu. Baadaye ziliongezwa siku nne mbele ili zitimie arobaini, nazo ndizo zile siku za mwanzo anazozihesabu kijana wangu. Mwaka 1091 sinodi ya Benevento ikaamuru Wakristo wote wapakwe majivu siku ya kwanza. Sisemi kwamba majivu hayafai. Mtu anayekumbushwa kufa kwake hupata akili. Lakini mfungo wa mtu peke yake na dhambi zake huweza kuwa kama daftari la deni, na mtu akihesabu deni lake tu hamwoni aketiye karibu naye. Ethiopia, ambako Mfungo Mkuu wa siku 55 ungali wachukua majuma manane kama Yerusalemu ya Egeria, hawakuhitaji kuongezewa siku nne.

Wanafunzi walirudi, nao walirudi kwa njia ya Afrika. Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyeanzisha shirika la wamisionari wake mwaka 1868, alikuwa amesoma sana habari za Kanisa la kale. Aliagiza kwamba katika Afrika mtu asibatizwe upesi upesi, bali afundishwe kwa daraja mbalimbali kwa muda wa miaka minne. Wengi walinung'unika kuwa ni muda mrefu mno. Wamisionari wake walifika Buganda mwaka 1879, miaka miwili baada ya wenzao Waanglikana, wakaanza kazi hiyo. Mwaka 1882 waliondoka kwa hofu ya hatari, wasirudi hata mwaka 1885. Na muda wote huo wanafunzi walifundishana wao kwa wao.

Mwezi Novemba 1885 Kabaka Mwanga alimwua Yosefu Mukasa, kiongozi wa Wakristo wa barazani. Usiku wa siku ile ile kijana Karoli Lwanga alibatizwa, akashika nafasi yake. Mwaka uliofuata Pasaka iliangukia 25 Aprili, ambayo ni tarehe ya mwisho kabisa iwezayo kuangukia, nayo ndiyo tarehe ile ile ya Pasaka ya Agostino. Miongoni mwa vijana waliokuwa chini ya Lwanga walikuwako wanne waliofunga Kwaresima ile wakiwa wanafunzi, na Pasaka ikapita bado ni wanafunzi: Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi, Mbaga Tuzinde, Gyavira na Mugagga. Usiku wa tarehe 25 Mei, huko Munyonyo, ilijulikana ya kuwa kesho yake Kabaka atatoa hukumu. Padre hakuwapo. Lwanga, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na miezi sita tu tangu ubatizo wake, aliwabatiza wale wanne kabla ya mapambazuko. Asubuhi waliitwa, wakaulizwa kama watasali tena, wakajibu kwamba watasali.

Wakapelekwa kwa miguu hata Namugongo, wakakaa huko juma zima wamefungwa, huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni waliuawa, na wenzao wa Kanisa la Kianglikana pamoja nao, Karoli Lwanga akitangulia kuchomwa peke yake. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Kwa Kizito na wale watatu, tangu maji ya ubatizo hata moto zilipita siku nane, yaani kadiri ya juma lile ambalo Yerusalemu askofu alikuwa akiwaeleza wabatizwa wapya siri za mambo waliyotendewa.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mwaka 1963, uliagiza kwamba mafundisho ya ubatizo wa watu wazima kwa daraja yarudishwe, na kitabu cha taratibu zake kilitoka mwaka 1972. Hivyo makanisa ya Ulaya nayo yakaanza tena kuwaita watu wazima mbele ya altare, Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, pamoja na wasimamizi wao. Katika parokia nyingi za kwetu jambo hilo halikuwa geni. Wanaitwa kwa majina, vijana na watu wazima, na mara nyingi yumo bibi mzee aliyechelewa sana, ameshikwa mkono na mjukuu wake, na kasisi huwauliza watu walioketi kama wanawashuhudia hawa kuwa wanafaa.